Kobayi anayechechemea: mwendo mmoja, magonjwa manne

Kobayi, mnyama mdogo wa manyoya anayefugwa nyumbani, akiwa mzima na akisikia majani mabichi yanaingia mlangoni hupiga mluzi na kukimbia kuyapokea. Mgonjwa wa mifupa hubaki kwenye kona yake. Njaa anayo, pua inachezacheza, lakini miguu ya nyuma haimsaidii. Akilazimika kusogea huirusha yote miwili kwa pamoja, mwendo wa sungura, kisha hujilaza tena. Ukimshika kiunoni au kwenye mbavu analia. Katika nyumba nyingi za Bukavu, mashariki mwa Kongo, jibu hutoka haraka: mifupa imekosa kalsiamu. Ganda la yai linasagwa, au kidonge kinanunuliwa farmasi, na mnyama anaanza kulishwa unga mweupe kila siku.

Mara nyingi jibu hilo limekosea adui. Yapo magonjwa yasiyopungua manne yanayomfanya kobayi atembee hivyo, na kinachomponya mmoja kinaweza kumuumiza mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza atunzwe vipi, lazima ujue ni kitu gani kimeharibika ndani ya mfupa wake.

Kobayi, au dende kama wengi wanavyomwita, ana historia ya pekee katika Kivu. Huko Kabare na Walungu hufugwa jikoni, karibu na mafiga, na mara nyingi ni mali ya akina mama na watoto. Miaka ya vita iliwafunza watu thamani yake: ng'ombe na mbuzi huporwa, lakini kobayi huingia kwenye kikapu na kukimbia pamoja na familia. Mimba yake ni kama siku 68 tu, na nyama yake imewalisha watoto wengi. Mgonjwa, kwa kawaida, huishia chunguni. Lakini mjini, Ibanda, Kadutu na Bagira, wapo pia kobayi waliopewa majina na watoto, ambao hakuna mtu nyumbani atakayethubutu kuwachinja. Mnyama wa namna hiyo anaweza kuishi miaka mitano hadi saba, na akipata ugonjwa sugu akiwa na miaka miwili, familia ina safari ndefu mbele yake. Ninaandika kwa ajili ya familia hizo, ingawa anayefuga kwa ajili ya nyama atapata la kumsaidia pia.

Tuanze na mfupa wenyewe. Mfupa ni kitu hai, unabomolewa na kujengwa upya kila siku. Anayezijua nyumba za miti na udongo za vijijini kwetu ataelewa upesi. Fundi husimamisha kwanza fito na kuzifunga kwa kamba, ndipo anapokandika udongo. Ndani ya mfupa, fito ni nyuzi za protini inayoitwa kolajeni, na udongo ni chumvi za kalsiamu na fosforasi. Udongo ukipungua, ukuta unalegea. Lakini fito zikioza, hata ulete udongo wa kilima kizima, hautashika. Kalsiamu ni udongo tu. Kobayi wengi wanaochechemea hapa kwetu, kwa niliyoyaona, wana shida ya fito.

Kolajeni haifungwi imara bila vitamini C. Mbuzi, mbwa na hata panya hujitengenezea vitamini hiyo ndani ya ini. Kobayi hawezi, na binadamu hawezi: kimeng'enya cha mwisho, yaani protini inayoendesha kazi hiyo, kimepotea katika ukoo wake na katika ukoo wetu. Kufanana huko ndiko kulikofichua siri ya kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Mwaka 1907, katika mji wa Kristiania, ambao leo ni Oslo, Axel Holst na Theodor Frølich walikuwa wakichunguza ugonjwa uliowashika mabaharia. Waliwalisha kobayi nafaka na mkate bila kitu kibichi. Wanyama wakavimba viungo, meno yakalegea, mifupa ikawa dhaifu, damu ikavuja ndani ya misuli. Chakula kibichi kama kabichi, na maji ya limau, viliwakinga. Miaka 25 baadaye, mwaka 1932, ni kobayi tena waliomsaidia Albert Szent-Györgyi kuthibitisha kwamba kitu alichokuwa amekitenga maabara ndicho hicho kinachozuia kiseyeye. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Mnyama huyu ametufundisha mengi juu ya mifupa yetu, na nadhani tuna deni la kuitunza yake vizuri.

Kobayi hana akiba kubwa ya vitamini C. Akiikosa kabisa, dalili huanza kuonekana baada ya wiki mbili au tatu. Magoti huvimba. Ukipitisha vidole taratibu kwenye mbavu, pale zinapoungana na gegedu, ule mfupa laini, upande wa kifua, unakuta vinundu, na yeye anajikunja kwa maumivu. Manyoya yanakuwa makavu na machafu, vidonda havifungi, meno yanalegea hata kula kunakuwa mateso. Hali hii huongezeka kiangazi, kati ya Juni na Agosti, majani yanapokauka na watu wa mjini wanapobaki na pumba, maganda ya viazi na mabua. Jani likikauka hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C yake, hata kama bado linajaza tumbo. Kuna kidokezo kingine ambacho hakihitaji mashine: wakichechemea kobayi wawili au watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja, shuku chakula. Akiugua mmoja peke yake huku wenzake wanakimbia, endelea kutafuta.

Mahitaji si makubwa. Kobayi mzima anataka kiasi cha miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye mimba, anayenyonyesha na mgonjwa hufika 30. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, kwa hiyo kipande cha gramu 10 tu kinamtosha kobayi wa kilo moja na kubakiza. Pilipili hoho nayo ni tajiri, ya kijani ikiwa na miligramu 80 hivi kwa gramu 100, nyekundu ikiizidi. Papai na chungwa vina kati ya 50 na 60, kabichi chini ya 40. Karoti, ambayo wengi huinunua wakidhani wanafanya vema, ina takribani 6 tu. Majani mabichi ya shambani yaliyokatwa siku hiyohiyo yanasaidia sana na hayana bei.

Kwa aliyekwisha kuugua, chakula peke yake kinachelewa. Kidonge cha vitamini C cha miligramu 500 kinapatikana farmasi yoyote. Kisage, gawanya unga sehemu kumi, na kila sehemu ni miligramu 50, kiasi cha kufaa kwa siku kwa kobayi wa kilo moja anayetibiwa kiseyeye. Changanya na matone ya maji na umpe papo hapo mdomoni. Usiiweke kwenye maji ya kunywa ukaiacha, kwa kuwa huharibika upesi ikikutana na hewa, mwanga na chuma, na huwezi kujua amekunywa kiasi gani. Usinunue pia vidonge vya mchanganyiko wa vitamini nyingi: vitamini A na D zilizomo hujikusanya mwilini, na hapo unaongeza ugonjwa wa pili. Kiseyeye kikiwa ndicho chanzo, ndani ya wiki moja hivi utaona tofauti: anakula zaidi, analia kidogo akishikwa, anaanza kutembea. Vitamini C ikizidi kidogo hutoka na mkojo, na ndiyo sababu ninashauri jaribio hili lije kabla ya mengine yote.

Asipobadilika, au akipata nafuu nusu na kukwama hapo, tunaingia kwenye ugonjwa sugu. Wengine walipita kiseyeye kikali wakiwa wadogo, na magoti yaliyoharibika wakati mifupa inakua hayarudi sawa tena. Hao si wagonjwa wa kufa. Wanahitaji mazingira mazuri na vitamini C isiyokatika maisha yao yote.

Sasa tuje kwenye udongo wa ukuta, ambapo mambo yana mkanganyiko zaidi. Kalsiamu inafanya kazi sambamba na fosforasi, na mwili unataka kalsiamu iwe nyingi kuliko mwenzake. Pumba za mahindi, pumba za ngano na masalio ya nafaka kutoka kiwanda cha bia vimejaa fosforasi na vina kalsiamu kidogo. Kobayi anayeishi kwa hivyo tu hulazimika kuvuta kalsiamu kutoka mifupani mwake ili damu isipungukiwe. Tezi ndogo za shingoni, ziitwazo paratairoidi, ndizo zinazotoa amri hiyo. Zikiendelea kuamrisha miezi na miezi, mfupa unabomolewa, na nafasi yake inajazwa nyama ngumu yenye nyuzi isiyobeba uzito. Taya linavimba, meno yanapishana, miguu inapinda au kuvunjika kwa kuruka kadogo tu. Ukiongeza giza la jikoni, ambamo jua haliingii na vitamini D haitengenezwi, hali inakuwa mbaya zaidi.

Kuna kobayi ambao hupatwa na uharibifu huohuo hata wakilishwa vizuri. Ni wale wenye manyoya yanayong'aa kupita kiasi, aina ambayo wafugaji wa Ulaya na Marekani huiita satin. Kasoro yao ni ya kurithi: mtoto lazima apokee kinasaba hicho kwa baba na kwa mama. Kwa baadhi yao mifupa huanza kuyeyuka wakiwa bado vijana. Jambo linalowapotosha hata madaktari ni kwamba damu inaweza kuonyesha kalsiamu ya kawaida kabisa, kwa sababu mfupa wenyewe ndio unaotoa. Ugonjwa huu hauponi. Unapunguzwa kasi, maumivu yanatulizwa, na taya linaangaliwa kila wiki. Kobayi wengi wa Kivu si wa aina hiyo, lakini wanyama husafirishwa na kubadilishana mikono, na manyoya ya kung'aa huwavutia wanunuzi. Ukimwona, furahia uzuri wake, usimzalishe.

Hapa ndipo kalsiamu ya kukisia inapokuwa hatari. Tumbo la kobayi hunyonya sehemu kubwa ya kalsiamu linayopewa, kisha figo huitupa kwa mkojo. Mkojo wake wa kawaida huwa na weupe kidogo kwa sababu hiyo. Ukimwongezea unga wa ganda la yai bila haja, ziada hujikusanya kwenye kibofu na kuwa mchanga, halafu jiwe. Atalia akikojoa, utaona damu kwenye nyasi, na mwisho mkojo unaziba. Vitamini D ya vidonge nayo ikizidi huipeleka kalsiamu kwenye figo, mishipa na moyo. Ukitaka kumpa vitamini D bila hofu, mtoe nje asubuhi. Bukavu iko karibu na ikweta na juu ya mita 1,400, jua letu lina nguvu ya kutosha. Nusu saa kwenye jua la mapema, akiwa na kivuli cha kukimbilia, humsaidia. Dirisha la kioo halisaidii, kwani kioo huzuia mionzi inayohitajika. Na jua la saa sita litamuua upesi kuliko ugonjwa wake, kwa sababu kobayi hastahimili joto.

Magonjwa mawili yaliyobaki yanaeleweka kirahisi zaidi. La kwanza ni kuchakaa kwa viungo, hasa magoti. Huwapata wazee na wanene, ingawa katika ukoo mmoja wa maabara, Dunkin Hartley, huanza mapema mno, kiasi kwamba watafiti huutumia kujifunza ugonjwa huo kwa binadamu. Kobayi wa namna hii huwa mgumu asubuhi na baada ya usiku wa baridi, kisha hulegea mchana. La pili huanzia chini ya nyayo. Sakafu ya saruji, waya au udongo ulioloa mkojo huchuna ngozi, bakteria huingia, na jeraha lisipotibiwa hushuka hadi mfupani. Mgeuze kila wiki umtazame nyayo. Nyekundu iliyovimba ni onyo. Kidonda cheusi kilichokauka katikati ya nyayo kinahitaji daktari sasa, maana mfupa ukishaoza kwa usaha, matibabu huchukua miezi na wakati mwingine hushindwa.

Mbali na hayo manne, kobayi aliyeanza kuchechemea ghafla, jana mzima leo anaburuta mguu, mara nyingi amekanyagwa au ameanguka kutoka mikononi mwa mtoto. Huyo anataka utulivu kwenye boksi dogo na daktari. Lishe si shida yake.

Utunzaji wa kila siku unafanana kwa wote wanne, na kazi kubwa iko hapo. Sakafu ndiyo ya kwanza. Tandika nyasi kavu laini, nene kama upana wa kiganja, juu ya kitambaa kinachonyonya maji, na ubadilishe kabla hapajalowa. Msimu wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, unyevu wa Bukavu hupanda kutoka ardhini usiku kucha, kwa hiyo boksi likae juu ya ubao, mbali na ukuta. Ondoa ngazi na vizuizi. Chakula na maji viwe hatua mbili kutoka anapolala, chini, pasipo kunyoosha shingo. Asikae peke yake: kobayi akikosa mwenziwe hupunguza kula. Mpe mwenzi mpole wa jinsia yake, ili asipate mimba. Jike mwenye mifupa mibovu akishika mimba, watoto watakula kalsiamu yake, na nyonga zake zinaweza kushindwa kuwatoa.

Kisha mizani. Ningechagua kitu kimoja tu cha kununua, ningenunua mizani ndogo ya jikoni. Kobayi huficha maumivu, kwa kuwa porini anayeonyesha udhaifu huliwa kwanza, na utakapoyaona kwa macho atakuwa ameteseka siku nyingi. Uzito haufichi. Mpime kila siku saa ileile, andika kwenye daftari. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake ndani ya siku chache, ni dharura, hata kama anaonekana mchangamfu.

Dharura, kwa sababu tumbo lake halijui kufunga. Lazima nyuzinyuzi ziingie muda wote, vinginevyo utumbo husimama, hewa hujaa, na mnyama hufa kwa njaa ya siku moja au mbili huku mifupa ikiwa haijamuua. Akikataa kula mwenyewe, mlishe. Ponda majani laini ya nyasi na ya viazi vitamu, chuja mabua, ongeza kipande cha pera kilichosagwa, na uvute uji huo kwa bomba la sindano lisilo na ncha. Mkalishe mapajani, miguu yote chini, kamwe usimlaze chali. Ingiza bomba pembeni, nyuma ya meno ya mbele, sukuma tone kwa tone umwachie nafasi ya kutafuna. Mililita 10 kwa mara moja, mara sita au zaidi kwa siku, usiku ukiwemo. Ni kazi ya kuchosha, na familia igawane zamu. Sombe mbichi isiingie kwenye uji huo, wala majani ya viazi mviringo, ya nyanya au ya parachichi. Yana sumu.

Juu ya dawa nitasema bila kuzunguka. Amoksisilini, ampisilini na penisilini, ambazo kila nyumba ya Bukavu inazo kabatini, humuua kobayi. Huangamiza bakteria wazuri wa utumbo wake, wabaya huchukua nafasi, na ndani ya siku chache anahara na kufa. Kwa kidonda cha nyayo kuna antibiotiki nyingine anazozivumilia, na daktari wa mifugo anazijua. Kwa maumivu, dawa inayotumiwa zaidi ni meloksikamu, kwa kipimo kidogo kinachohesabiwa kwa uzito wake. Usimkatie kipande cha ibuprofeni au diklofenaki kwa kukisia: tofauti kati ya kumsaidia na kumtoboa tumbo ni ndogo mno. Na aliyetibiwa kwa dawa hizo asiliwe mpaka daktari aseme muda umepita.

Veterineri wengi wa mkoa wamezoea ng'ombe, mbuzi na nguruwe, na si kosa lao. Unaweza kuwarahisishia kazi. Peleka daftari la uzito. Mrekodi kwa simu akitembea nyumbani, maana mezani kwa daktari ataganda kwa woga na hakuna kitakachoonekana. Orodhesha anachokula kwa ukweli, pumba zikiwemo. Omba wamtazame meno ya nyuma na kumpapasa taya, magoti na mbavu. Picha ya eksirei ikipatikana, ndiyo inayotenganisha mfupa uliopungua na kiungo kilichochakaa. Hapa mjini Université Évangélique en Afrique imeshafanya utafiti juu ya ufugaji wa kobayi katika Kivu ya Kusini, na Université de Lubumbashi ina kitivo kizima cha tiba ya mifugo. Daktari wa mtaani asiyemjua kobayi anaweza kuwapigia wenzake wa huko, na umwombe kwa heshima afanye hivyo.

Kuna wakati utunzaji unakuwa kurefusha mateso. Mimi hutazama mambo matatu: je, bado anajilisha mwenyewe walau kidogo, je, bado anajisogeza kutoka kwenye mkojo wake, je, bado anaitikia mwenziwe au sauti ya nyumbani? Yote matatu yakikosekana kwa siku kadhaa huku dawa ya maumivu ikiendelea, mwombe daktari amlaze kwa sindano. Watoto waambiwe kabla, kwa maneno ya kweli, na waruhusiwe kumuaga.

Baadaye wageukie ndugu zake. Kama ugonjwa ulikuwa wa chakula, wenzake wanakula chakula kilekile, na wanaanza vitamini C leo. Kama alikuwa na manyoya ya kung'aa na taya lililovimba, wazazi wake wote wawili wanabeba kasoro hiyo hata kama wao ni wazima, na dume huyo asirudishwe kwa jike huyo. Jikoni ambamo dume mmoja amezaa na binti zake kwa miaka, kasoro za kurithi zinapata nafasi ya kukutana. Mbadilishe na dume wa jirani wa mbali, na umpapase magoti na taya kabla hujamleta nyumbani.